Bawa la Kushoto

Tarehe 6 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yako yamepumzika na ngazi, ingawa najua hayapumziki. Mimi ni mzima. Chumba nilichopewa kina kitanda, meza, na dirisha linalotazama ukuta wa karakana, kwa hiyo hata nikiwa nimelala niko kazini. Mwambie mke wangu kwamba shati alilonishonea limebana mabegani. Mtoto mpapase kichwa kwa niaba yangu.

Zawadi yako imo ndani ya bahasha. Usiipinde. Tumeletewa ndege ya mapangaboi mawili, ya aina ile uliyonifundisha kuitambua kwa mngurumo nikiwa na miaka saba. Nilidhani zote zimekwisha kuyeyushwa zikawa sufuria. Hii imenunuliwa mbali, imepakwa rangi nyeupe, na mwezi wa tano itaanza kubeba abiria arobaini na wanne kila safari. Nimekabidhiwa mimi. Mwenzangu tunayemwita Msumari, kwa wembamba wake, ananitania: "Umepewa ajuza umvishe gauni la harusi." Nimeipiga picha upande wa mkia ili uwaoneshe wenzako mnaotazama ndege pale ukutani, wafe kwa kijicho.

Mwana wa kaka yako


Tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Picha imefika, nayo haikupindwa. Mkeo hajambo. Anasema shati halikubana, ila wewe umenenepa, na anataka kujua anayekupikia ni nani. Mtoto ameota jino la nne na amelijaribu kwenye sikio la paka. Baba yako anakohoa asubuhi tu.

Picha niliiweka mezani mbele ya dirisha, nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Sikuwaonesha wenzangu. Soma polepole, nawe utajua kwa nini.

Kwenye mkia, chini ya rangi yenu nyeupe, kuna kiraka cha bati chenye upana wa sinia. Kimefungwa kwa ribiti kumi na tatu, na moja imekaa nje ya mstari kama mwanafunzi mtoro. Kiraka hicho nakijua. Nimekitazama kwa darubini Jumamosi nyingi kutoka kwenye ukuta wa uwanja wetu, na nimekichora katika daftari langu la tisa. Namba hufutwa ikapakwa nyingine. Ndiyo maana sisi watazamaji huandika makovu.

Ndege yenye kovu hilo ilipata ajali hapa kwetu miaka kumi na minane iliyopita. Gurudumu moja lilikunjika ilipotua. Nakunakilia ukurasa: "Imelalia bawa la kushoto. Shina la bawa limepinda. Abiria wameshuka wazima." Ilifunikwa turubai, na siku ya tano ikaondolewa kwa malori. Tuliambiwa imehukumiwa isiruke tena maishani mwake.

Mwanangu, ndege hiyo ilikufa. Ni nani aliyekuletea maiti uivishe?

Shangazi yako


Tarehe 2 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, wala si kwa sababu ya kazi. Mvua hapa inapiga mabati ya karakana hadi tunasemezana kwa mikono. Mwambie mke wangu kwamba anayenipikia ni mzee mwenye ndevu, atulize moyo.

Kuhusu ndege, umekosea. Nasema hivyo kwa heshima. Vitabu vyake vyote vimo kabatini, na vinaonesha maisha yaliyonyooka, tangu kiwandani hadi hapa, bila ajali hata moja. Viraka ni vingi duniani.

Hivyo ndivyo nilivyotaka kuimaliza barua. Lakini leo mchana nimeingia mkiani na tochi. Kile kibati chenye namba ya kiwandani hufungwa kwa ribiti ili kisifunguliwe milele. Cha ndege hii kimefungwa kwa skrubu, na skrubu zenyewe ni mpya. Nilitoka nimelowa jasho, na huku kuna baridi. Nilipomuuliza mkuu wa karakana, alisema, "Fundi, umekuwa polisi lini?" Wote wakacheka, Msumari zaidi ya wote.

Yakupasa ujue desturi ya hapa. Fundi anayetia sahihi kwamba ndege ni nzima hupanda katika safari yake ya kwanza, akaketi nyuma ya rubani. Hakuna aliyewahi kukataa. Sahihi ya ndege hii ni yangu.

Nijibu jambo moja tu: siku ile, uliiona kwa macho yako ikilalia bawa?

Mwana wa kaka yako


Tarehe 14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Dari ya sebuleni inavuja tena. Nimekinga beseni mbili. Fundi aliyekuja kuitazama alisema paa hili lina umri mkubwa kuliko mimi, nikamwambia atafute kipimo kingine. Mtoto anasimama kwa kushika kiti. Baba yako amepewa dawa mpya na anailaumu kwa kila kitu, hata kwa kelele za majirani.

Umeniuliza. Daftari langu unalijua, umekua ukiliona. Unazijua na sheria zetu: wino, si penseli; saa, upepo, namba, makovu; kushoto ni kushoto kwa rubani; na usiandike usichokiona. Ukiambiwa na mwingine, unaweka herufi k pembeni, maana yake "kuambiwa." Ukurasa ule hauna k.

Usitie sahihi. Rudi nyumbani. Tutakula tutakachopata.

Zamani ndege ikipita juu ya nyumba nilikuwa naacha kila kitu na kutoka nje. Siku hizi nabaki nimeketi, nikizisikiliza kama mtu anayesikiliza pumzi za mgonjwa.

Shangazi yako


Tarehe 27 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba mtoto anasimama. Asiachwe karibu na hizo beseni.

Kurudi si jambo jepesi. Pasi yangu ya kusafiria imo kabatini kwa mkuu, pamoja na za mafundi wote wageni. Simu ni moja, nayo iko mezani kwake. Barua hizi nazipeleka posta mwenyewe siku ya mapumziko.

Nimemwambia mbele ya wenzangu kwamba sitatia sahihi mpaka niuone mhimili, yaani chuma kinachobeba bawa, ndani ya shina lake. Hauonekani bila kukata bati. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Kata. Bawa moja, tundu moja, maana kila tundu ni zaidi ya wiki ya kuliziba, na wenye ndege wanasubiri. Ukikuta ufa, ndege inabaki chini. Ukikuta chuma kizima, unatia sahihi, unapanda, na unafunga mdomo. Haya, bawa lipi?"

Hata Msumari hakuwa na mzaha.

Nikasema la kushoto. Sikusita, Shangazi, kwa kuwa sijapata kukuona ukiandika usichokiona. Nitakata tarehe 9 Mei.

Mwana wa kaka yako


Tarehe 8 Mei

Mwanangu,

Wote ni wazima. Leo sina habari nyingine za nyumbani.

Barua yako ilifika jana. Nimekwenda posta mara tatu kupiga simu. Mara mbili haikupokewa. Mara ya tatu mtu alisema, "Mafundi hawaitwi wakati wa kazi." Nikamwambia ni jambo la uhai. Akasema, "Mama, kila anayepiga husema hivyo," akakata. Sasa naandika, nikijua kwamba karatasi hii haiwezi kukufikia kesho.

Sikuiona. Jumamosi ile nilikuwa kitandani na homa. Kwa miaka kumi na moja sikuwa nimekosa Jumamosi hata moja ukutani, na ajali pekee iliyopata kutokea katika uwanja wetu ikatokea nimejifunika blanketi. Niliona aibu. Nilinakili maelezo ya mwenzetu, yule tuliyempa jina la Tai kwa ukali wa macho yake, neno kwa neno, wala sikuweka k. Kiraka nilikiona mwenyewe, mara nyingi, hilo naapa. Bawa sikuliona. Uliponiuliza, nilijificha nyuma ya sheria ambayo mimi mwenyewe niliivunja.

Jana nilitoka posta nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa Tai. Sasa haoni kabisa.

"Siku ile ulikuwa umesimama wapi?" nikamuuliza.

"Juu ya paa la kiwanda cha sabuni. Ninyi mliupenda ukuta wenu. Mimi nilipenda kuziona zikinijia usoni."

"Bawa la kushoto uliloandika, ni kushoto kwa nani?"

Aliinua mkono wake wa kushoto, akaushusha polepole hadi ukagusa goti. "Huku. Kwangu. Kwani kuna kushoto kwingine?" Kisha uso wake ukabadilika. "Lo! Wewe na sheria zako za rubani. Mbona hukuniuliza mwaka ule?"

Ndege ilikuwa inamwelekea. Kushoto kwake ni kulia kwa rubani. Bawa lililoumia ni la kulia, mwanangu. La kulia.

Shangazi yako


Tarehe 11 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Naandika kwa kifupi kwa kuwa nimechoka.

Nilikata bawa la kushoto tarehe 9, saa nne asubuhi, wote wakiwa wamenizunguka. Nilipitisha kidole ndani, kisha kioo, kisha nikapaka ile dawa nyekundu inayoingia katika nyufa. Hakuna kitu. Chuma kinang'aa kama kijiko cha mgeni. Msumari akanipiga bega: "Pole, afande." Wakacheka, nami nikacheka nao, na cheko langu lilikuwa la furaha. Usiku huo ndio wa kwanza niliolala tangu Machi.

Nimetia sahihi. Tundu likishazibwa tutaruka, tarehe 20. Sikulaumu. Miaka kumi na minane ni mingi. Lakini nakuomba usiniandikie tena habari za ndege hii. Niandikie habari za mtoto.

Mwana wa kaka yako


Tarehe 21 Mei

Mwanangu,

Barua yako ya tarehe 11 imefika leo asubuhi. Leo ni tarehe 21. Sijui namwandikia nani.

Mkeo aliniona nimeishika akauliza, "Shangazi, mbona umekaa chini?" Nikamweleza yote. Alimchukua mtoto, akaketi naye kizingitini, na bado yuko hapo. Nimekwenda kupiga simu. Inaita tu.

Kama upo, andika neno moja. Sihitaji zaidi.

Shangazi yako


Tarehe 23 Mei

Shangazi,

Nipo.

Sijangoja barua yako nyingine, kwa kuwa najua mmeihesabu tarehe 20. Mwambie mke wangu kwanza, kisha ndipo uendelee kusoma.

Barua yako ya tarehe 8 niliikuta posta tarehe 19, mchana. Niliisoma nimesimama kaunta, na karani akaniuliza kama nimefiwa. Nilikwenda kwa mkuu mbio. Aliisoma yote, akanirudishia kwa ncha za vidole. "Jana kushoto, leo kulia. Kesho shangazi yako ataota mkia?" Nikaomba kitabu cha ndege. Nilikata jina langu kwa mistari miwili, nikaandika chini yake: "Nafuta sahihi yangu. Bawa la kulia halijatazamwa." Mkuu hakupandisha sauti hata kidogo. Alichana ukurasa, akafungua mwingine, akamwita Msumari.

Nilimfuata Msumari hadi kabatini alipokuwa anavaa koti. "Usipande," nikamwambia. "Nakuomba kama ndugu."

"Kaka, nina watoto watano, na nafasi yako sasa ni yangu," akasema. "Halafu wewe mwenyewe ndiye uliyetuonesha chuma kizima. Tulikiona wote."

Tarehe 20 alipanda. Nilisimama mlangoni pa karakana. Dakika arobaini. Ilirudi, ikatua kama jani, naye akashuka ngazi akicheza, mikono juu. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote, kwa maana ndege iliyokwisha kurudi salama mara moja hakuna atakayekubali kuikata. Tundu nililolitoboa mimi ndilo ushahidi wao kwamba ni nzima.

Tangu jana inabeba watu. Nimehamishiwa stoo ya spana. Kila inapopaa naacha kuhesabu spana, nahesabu sekunde hadi sauti yake ipotee, na ikishapotea sijui kama imefika mbali au imenyamaza.

Mwana wa kaka yako


Tarehe 4 Juni

Mwanangu,

Namshukuru Mungu kwa lile neno la kwanza. Mkeo alilisoma mara nne, kisha akaenda kupika, akaunguza chakula, na hakuna aliyelalamika. Mtoto ametembea hatua tatu. Baba yako ameambiwa unasumbuliwa na kazi, basi.

Jumamosi niliwakusanya wenzangu chini ya ukuta nikawaeleza nilivyofanya. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye niliwahi kumtoa katika kundi letu mwaka mzima kwa kukosa kuweka k moja, alinisikiliza hadi mwisho. "Mwaka mzima, Bibi," akasema. "Mwaka mzima nilikuwa natazama ndege kwenye bustani ya mke wangu." Kisha akanishika mkono, akaniuliza tunaandika kwa nani.

Tumewaandikia wakaguzi wa usalama wa anga wa nchi uliko. Nimeukata ukurasa wa daftari la tisa kwa wembe na kuuambatanisha, pamoja na mchoro wa kiraka na picha uliyonitumia. Nimeeleza kwamba sikuona, na kwamba aliyeona aliandika kushoto kwake. Tai ametia sahihi; mkeo alimwongoza mkono. Nimeweka jina langu kamili na anwani, ili wakinicheka wajue wamcheke nani.

Tulipotoka posta mkeo alisema, "Ungeandika hivi mwezi wa nne, Shangazi." Tulitembea hadi nyumbani.

Juu ya ukuta sijapanda tena. Nikisikia mapangaboi, natafuta kitu cha kushika.

Shangazi yako


Tarehe 30 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Nimepata barua mbili kwa pamoja, na alama ya mguu wa mtoto kwenye karatasi. Nimeibandika ukutani.

Wakaguzi walifika tarehe 21, watu watatu, bila kupiga hodi. Mmoja alikuwa na ukurasa wako mkononi. Hawakumsalimu mkuu. Walikwenda mkiani, wakakwangua rangi, wakahesabu ribiti kwa sauti: moja, mbili, hadi kumi na tatu. Kisha wakaniita kutoka stoo, wakanipa keekee, wakasema, "La kulia."

Niliposukuma bati kando, nilidhani tumekosea tena. Mhimili ulikuwa laini, umepakwa rangi ya fedha. Mkaguzi akaikwangua kwa ukucha. Ufa ulikuwa chini yake. Umeanzia kwenye tundu la boliti na kupanda juu, na chuma kizima kilichobaki hakizidi upana wa vidole vyangu viwili. Ndani ya ufa kulikuwa na sehemu nyeusi ya zamani, na sehemu nyeupe, mpya, inayong'aa. Ile nyeupe ni ya mwezi huu. Ulikuwa unakua. Safari hamsini na nane, Shangazi, zote zimejaa.

Msumari alisogea, akatazama, akaketi sakafuni chini ya bawa. Nikamletea maji, akayaweka kando.

"Jana," akasema. "Jana nimewapandisha wanangu. Wote watano, na mama yao. Waende wakamsalimu bibi yao."

"Wamerudi?"

"Wamerudi na hiyo hiyo. Mdogo alikaa dirishani. Upande huu." Akaonesha juu, kwenye bawa lililokuwa wazi.

Mkuu amechukuliwa na wakaguzi, na pasi zetu zimetolewa kabatini. Mimi nimeombwa nibaki, niwe nikitia sahihi ndege zilizobaki. Juzi nilikaa na moja ya hizo kutwa nzima. Ni nzima, nimeikagua mara tatu. Kalamu nilikuwa nayo. Jioni nikafunga kitabu bila kuandika, nikaomba kuondoka.

Kuhusu mwezi wa nne, ulipolikwepa swali langu, bado nina hasira. Nitaileta nyumbani pamoja na sanduku, na tutaizungumza mezani mimi na wewe, wala usipike chochote cha kunituliza. Lakini najua pia jina la nani liliandikwa kwenye ile barua ya wakaguzi, na najua ilivyokugharimu.

Meli inachukua siku kumi na moja. Wakaguzi walinikatia tiketi ya ndege mpya kabisa, safari ya saa tano tu. Leo asubuhi nilikwenda hadi kwenye ngazi yake. Nilitazama mahali bawa linaposhikana na mwili. Rangi ilikuwa safi, nyeupe, bila kovu lolote. Mhudumu akaniambia, "Karibu, bwana, usiogope." Nikamshukuru, nikageuka, nikaenda bandarini na sanduku langu.

Mwana wa kaka yako